Utafiti wa miaka saba, mkataba wa mwaka mmoja

Mashamba ya mkonge ya Korogwe yanalijua vizuri neno manamba: mtu aliyeletwa kutoka mbali, akapewa namba, siku zake zikahesabiwa kwenye kipande, na kazi ikiisha akarudi kwao. Leo mji huo una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chenye historia ya kujivunia. Mwaka 2007 watoto wa Korogwe na Kilifi, 894 kwa jumla, walianza kuingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Baadaye Korogwe ikawa kati ya vituo 11 vya awamu ya tatu, kisha kati ya vitatu tu, pamoja na Kombewa nchini Kenya na Nanoro nchini Burkina Faso, vilivyoendelea kuwafuatilia watoto hadi ufuatiliaji ukatimia miaka saba hivi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo.

Miaka saba, basi. Lakini kijana anayeanza utafiti nchini Tanzania kwa fedha za wafadhili kwa kawaida hupewa mkataba wa mradi, na, kama manamba, uhai wake kazini ni uhai wa bajeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wanataaluma na mameneja. Yaani shahada ndiyo iliyomfungulia mwajiri mlango huo. Wapo watakaosema fedha za mradi zina mwisho. Kweli, ila malaria haina: mradi ukifungwa Korogwe, mwingine hufunguliwa Handeni, na maswali hubaki yaleyale. Kinachopotea ni mtu anayejua mama yupi amehamia shambani kwa msimu, na anayeweza kumwuliza kwa Kizigua kwa nini hataki mwanawe atolewe damu tena.

Wengine huhofia kuwa ajira ya kudumu huzaa uvivu. Mvivu husimamiwa. Hofu ya mkataba kuisha, kwa upande wake, huharibu sayansi yenyewe, kwa sababu anayesubiri saini ya bosi hathubutu kusema takwimu za bosi zina walakini, na miezi ya mwisho ya mkataba huishia kwenye kuandika barua za maombi. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, ilionekana jinsi kamba inayoshikilia ajira hizi ilivyo nyembamba. Kila mradi ungetenga sehemu ya fedha zake za uendeshaji kwenye mfuko wa taasisi, mishahara ya miezi michache kati ya mradi na mradi ingelipika, na anayeijua njia ya Handeni angekuwepo mradi mwingine ukifika.