Mahindi, Magunzi na Moto wa Nyumbani

Wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa hawana haja ya kuelezwa baridi ni nini. Mji wa Mbeya upo kadiri ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hata Agosti watu wa nyanda hizi hukaa karibu na moto. Miezi hiyo ndiyo ya mavuno ya mahindi pia. Basi twapenda kueleza habari ya kuota moto wa mahindi, maana ina faida yake na hatari yake.

Huko Marekani wako watu watiao punje kavu za mahindi katika jiko la kupashia nyumba joto, wakizichanganya na vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Desturi hiyo ilipata nguvu yapata mwaka 2005, mafuta yalipopanda bei na mahindi yakawa rahisi. Punje huwaka vizuri, kwa kuwa zina wanga na mafuta; walakini majivu yake huyeyuka na kugandamana kama jiwe, yakaziba jiko. Ndiyo sababu huchanganywa na mbao, ambazo majivu yake ni machache.

Je, yafaa tuwaige? La. Kwetu punje ni chakula, tena ni fedha ya mkulima. Lakini gunzi si chakula cha mtu. Katika kila kilo 100 za punje zilizopukuchuliwa hubaki magunzi yapata kilo 20, na kilo moja ya magunzi makavu hutoa joto linalokaribia lile la kilo moja ya kuni kavu.

Namna ya kuyatumia ni hii. Kwanza, yaanikeni juani, kisha yawekeni mahali pasipovuja. Gunzi bichi hupoteza joto lake kwa kukausha maji yaliyomo, nalo hutoa moshi mwingi. Pili, yachanganyeni na kuni nzito, au mabanzi yanayobaki penye viwanda vya mbao, kama vile vya Mufindi karibu na msitu wa Sao Hill. Gunzi ni jepesi, hushika moto upesi na kuisha upesi. Ubao hukawia kushika, bali hudumu. Majivu yake msiyatupe, maana yana potasi, nayo huifaa bustani.

Sasa tazameni hatari. Watu wengine, moshi ukiisha, huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Hudhani ya kuwa pasipo moshi hapana madhara. Sivyo. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, hata aliyelala asiamke tena. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Mwenye dalili hizo na atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali.

Kwa hiyo oteni moto jioni mahali penye njia ya hewa, na kabla ya kulala litoeni jiko nje. Walimu na viongozi wa vijiji, twawaomba mlitangaze neno hili shuleni na mikutanoni kabla ya baridi kuingia. Blanketi la pili ni bora kuliko jiko chumbani.