Bilauri Yenye Pengo: Itupwe au Itengenezwe?

Katika nyumba nyingi za Vuhovi na Butembo zimo bilauri chache zinazotunzwa kabatini kwa ajili ya wageni. Nyingine zililetwa siku ya arusi, nyingine ni urithi wa wazee. Moja ikigongwa na sufuria wakati wa kuoshwa, ukingo wake humegeka. Mama mwenye nyumba huona uchungu kuitupa, tena huona haya kumpa mgeni. Basi humpa mtoto. Hilo ndilo shauri baya kuliko yote, kwa maana pengo la kioo hukata mdomo kama wembe.

Yafaa kwanza kujua kioo ni kitu gani. Kioo cha kawaida ni mchanga, magadi na chokaa, vilivyoyeyushwa pamoja kwa moto mkali. Kristali ni kioo kilichotiwa risasi. Mwingereza George Ravenscroft alipewa hati ya kioo chake huko London mwaka 1674, na katika miaka iliyofuata akakitia risasi. Huko Ubelgiji kiwanda cha Val-Saint-Lambert, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka 1826. Kristali ni nzito, hulia kama kengele, tena ni laini kuliko kioo cha kawaida. Kwa hiyo husuguliwa upesi.

Kabla ya kazi, igonge bilauri polepole kwa ukucha. Ikitoa sauti safi, yatengenezeka. Ikitoa sauti ya kufifia, au ukiona mstari mwembamba unaoshuka kutoka penye pengo, iache. Twaambiwa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Lakini ufa wa kioo hauzibiki. Gundi huweza kuunganisha chombo cha maua, si chombo cha kunywea.

Kazi yenyewe yahitaji subira kuliko nguvu. Tafuta msasa wa maji, ule wa wapaka rangi ya magari, namba 220, 400, 600 na 1000. Kadiri namba inavyozidi, ndivyo punje zake zilivyo ndogo. Pengo likiwa dogo sana, lainisha kingo zake tu. Likiwa kubwa kidogo, tandika msasa juu ya meza iliyo sawa, uloweshe maji, kisha upindue bilauri na kuizungusha polepole mpaka ukingo wote uwe sawa. Halafu lainisha pembe za ndani na za nje, ukimaliza kwa msasa mwembamba.

Usisugue kamwe pakavu. Maji hupoza kioo, nayo huzuia vumbi, ambalo ni adui wa mapafu. Vumbi la kristali lina risasi, tena ni sumu. Lifanyiwe kazi mbali na jiko na watoto, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji yake yasimwagwe penye bustani ya mboga.

Sisi wa karibu na ikweta hatuna majira ya kuchipua kama Ulaya, lakini asubuhi za mvua katika milima yetu ni baridi. Mtu akimimina chai ya moto katika bilauri baridi, upande wa ndani hutanuka upesi, wa nje ukichelewa. Kioo hupasuka, hasa kilicho kinene. Mara nyingi ufa huanzia penye pengo, kwa kuwa hapo ndipo nguvu zote hukusanyika. Basi kulainisha ukingo si urembo tu. Tangulia kutia maji ya uvuguvugu, ndipo chai ifuate.

Kristali ya risasi isitiwe chai, wala divai na maji ya matunda makali visilale ndani yake, kwa sababu huvuta risasi. Watoto na mama wajawazito wapewe bilauri nyingine.

Na isiyotengenezeka? Huko Kitengela, karibu na Nairobi, mafundi huyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kufanya vyombo vipya. Sisi tusio na tanuru kama hiyo tusivitupe vipande shambani, ambamo watoto hupita miguu mitupu. Vifungwe katika gunia kuukuu na kuzikwa katika shimo refu, mahali pasipolimwa.