Gari la Rimoti Likiacha Kukusikia

Mtu akiniletea gari la rimoti nimfungie vyombo vya umeme, humwambia kwanza alikalishe juu ya boksi, magurudumu yaning'inie. Swichi baadaye. Wengine hucheka: kitu cha kuchezea hiki, fundi! Lakini gari la kipimo cha 1:10, lenye mota ya kisasa na betri ya lithiamu, hupita kilomita 50 kwa saa bila taabu. Likimpata mtoto kwenye kifundo cha mguu, kicheko kinaishia hapo.

Kwangu mimi ufundi wote wa vyombo hivi ni swali moja: mawimbi yakikatika, gari litafanya nini? Ndiyo maana rimoti huwashwa kwanza, gari likafuata; na ukimaliza, zima gari kwanza, rimoti iwe ya mwisho. Risiva, kile kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya gari, isibaki hata kidogo ikiwa macho huku haina wa kuiamuru. Zile za zamani za megahezi 27 zilikuwa balaa zaidi, maana watoto wawili wenye chaneli moja waliweza kuvurugiana magari. Nikola Tesla alipoonesha mashua yake ya redio pale Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, sidhani kama alikuwa na jirani wa kugombania naye masafa. Risiva ya leo ya gigahezi 2.4 huunganishwa na rimoti yake na kuisikiliza hiyo tu.

Hata hivyo husikia kwa antena, na antena ndiyo inayoonewa. Kijana mmoja aliniletea gari lililokuwa likizimika hatua chache tu kutoka aliposimama. Antena alikuwa ameikata, ati ilikuwa inaning'inia vibaya. Kile kipande cha mwisho kilicho wazi, kama sentimita 3 hivi, ndicho kinachopokea mawimbi. Usikikate, usikikunje, wala usikizungushe kwenye chuma. Kipitishe kwenye mrija wa plastiki kisimame wima. Risiva yenyewe ibandike kwa gundi ya sponji, mbali na mota na nyaya nene za betri.

Kisha jaribu. Gari likiwa bado juu ya boksi, bonyeza moto kidogo, halafu mwombe mwenzako azime rimoti. Magurudumu yakisimama, vizuri. Yakiendelea kuzunguka, gari hilo haliendi uwanjani mpaka mpangilio wa dharura wa risiva urekebishwe. Kijitabu chake huonesha namna.

Swali ninaloulizwa sana ni la servo ya usukani, ile mota ndogo inayokata kona: "Fundi, mbona inavuma na gari limesimama?" Mara nyingi mkono wake ulifungwa kabla servo haijajipanga katikati, kwa hiyo inasukuma mahali pasiposukumika, inakula umeme na kupata joto. Ung'oe mkono, washa umeme, acha servo itulie katikati, ndipo uufunge. Kisha punguza mwisho wa kona kwenye rimoti, kushoto na kulia, mpaka mvumo ukome.

Betri ndiyo siifanyii mzaha. Seli moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 inaharibika. Kwa hiyo kidhibiti mwendo lazima kipangwe kwa lithiamu, kikate umeme mapema. Chaja iwe na ile plagi ndogo ya kusawazisha seli, na betri ya miliampea-saa 5,000 isichajiwe kwa zaidi ya ampea 5, isipokuwa kama aliyeitengeneza ameruhusu. Ichajie juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, nawe uwe macho. Kama hutaitumia wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa seli.

Iliyovimba siichaji. Wapo wanaonibembeleza, "Mara moja tu, fundi, kesho nanunua nyingine." Waje kesho na hiyo nyingine.