Azimio, Ukubwa au Kipimo cha Nukta?

Neno moja la Kiingereza hubeba maana mbili: uamuzi wa mkutano, na wingi wa nukta zinazounda picha katika kioo cha kompyuta. Kwa maana ya kwanza tunalo azimio, kama katika Azimio la Arusha la 1967. Mfasiri akilitumia kwa maana ya pili, karani wa Bariadi aliyeunganisha kioo kipya hatajua aazimie nini.

Neno ukubwa nalo hupotosha. Kioo chenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo kina nukta 2,073,600. Karani atakaye herufi kubwa, akiambiwa abadili ukubwa, huenda akachagua 1280 kwa 720, yaani nukta 921,600. Herufi zitakua, lakini kingo zake zitafifia, kwa kuwa kila nukta ya picha hutandazwa juu ya nukta mbili na robo za kioo. Yampasa aache kipimo cha asili cha kioo, kisha akuze maandishi peke yake.

Katika Mkoa wa Simiyu, ulimao pamba, mfano hauko mbali. Vitambaa viwili vyaweza kulingana upana, lakini chenye nyuzi nyingi na nyembamba huonyesha nakshi waziwazi zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo cha nukta kwa hesabu ya nukta, na ukuzaji kwa ukubwa wa maandishi. Dhana mbili zikitengwa, mwalimu atafundisha kwa wepesi, na mtumishi atasoma majalada yake bila kuumiza macho.