Utando wa Bakteria na Metali Nzito: Hoja Kuhusu Kitenzi "Kula"

Mwandishi anayeeleza kwa Kiswahili jinsi bakteria wanavyosafisha maji hushawishika kusema kwamba viumbe hao "hula" sumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usemi huo, ingawa unakubalika kwa baadhi ya sumu, unapotosha panapohusika metali nzito kama vile zebaki, risasi na kadimi.

Jiwe lililokaa mtoni huwa na utelezi. Utelezi huo ni jamii ya bakteria na viumbe wengine wadogo, walioshikamana na jiwe na kuzungukwa na ute waliouzalisha wenyewe. Tunapendekeza jamii hiyo iitwe utando wa bakteria, kwa kuwa ute hutaja kijenzi chake kimoja tu. Ute una chaji hasi nyingi, nazo ayoni za metali zina chaji chanya. Ndiyo sababu hunaswa humo.

Mfano ulio bayana unatoka Marekani. Mwaka 1984 mgodi wa dhahabu wa Homestake, katika jimbo la South Dakota, ulianza kusafisha majitaka yake kwa njia hii kabla ya kuyamwaga katika kijito cha Whitewood. Visahani vikubwa vilizungushwa polepole, sehemu ndani ya maji na sehemu hewani, utando ukaota juu yake. Majitaka hayo yalikuwa na sianidi, ambayo hutumika kuyeyushia dhahabu iliyomo maweni, pamoja na metali zilizofungamana nayo, shaba ikiwamo. Sianidi ni muungano wa kaboni na nitrojeni. Bakteria waliuvunja, na sianidi haikuwapo tena. Hapa kitenzi kula hakina kosa. Shaba, kwa upande wake, ni elementi, na hakuna kiumbe awezaye kuimeng'enya ikatoweka. Ilipoachiwa na sianidi ilinaswa na utando, na utando ulipomeguka ilizama nao katika tope. Mgodi huo ulifungwa mwaka 2002.

Zebaki ina utata zaidi. Bakteria wenye jeni ziitwazo mer hugeuza ayoni zake kuwa zebaki ya kimetali, ambayo hugeuka mvuke kwa urahisi. Bakteria wamejiokoa, lakini zebaki, isipokamatwa, imehamia hewani. Mchimbaji mdogo wa Geita, anayenasia dhahabu kwa zebaki, akisoma kwamba kuna bakteria wanaoila, ana haki ya kudhani kwamba dimbwi lenye utando ni salama na kwamba tope lake laweza kutandazwa shambani. Kosa hapo si la msomaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kuvunja kwa sianidi na mfano wake, kugeuza kwa yale yaipatayo zebaki, na kunasa kwa metali inayoshikwa na ute. Kitenzi hiki cha mwisho kina faida ya pekee: humlazimu mwandishi kuongeza kishazi kimoja, kinachoeleza kilichonaswa kimepelekwa wapi.