Dashcam ya Gari: Jinsi ya Kuichagua, Kuifunga na Kuitumia Kabla Hujaambiwa "Tuma Tumalizane"

Uko kwenye jam ya Mombasa Road, saa moja jioni. Gari la mbele linarudi nyuma kidogo na kugusa bampa yako. Dereva anashuka akipiga kelele kwamba wewe ndiwe umemgonga. Watu wanne, watano wanajaa, na ghafla kila mmoja ni shahidi. Dakika mbili baadaye unasikia ile sentensi: "Boss, wewe tuma tu kwa simu tumalizane."

Wengi wetu hutuma. Tumechoka, tunaogopa, tunataka kufika nyumbani. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache, na ndiyo sababu tunaipenda. Lakini wepesi huo huo unaweza kukuponza ukituma ukiwa umetishwa. Huduma ya kurudisha pesa iko kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Ukimtumia mtu uliyemkusudia kisha ukajuta, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Ndiyo maana leo tunazungumzia dashcam, ile kamera ndogo inayokaa kwenye kioo cha mbele na kurekodi barabara. Haizuii ajali. Inachofanya ni kukupa jibu mtu anaposema jambo ambalo halikutokea.

Inafanyaje kazi?

Ukiwasha gari, kamera inaanza kurekodi yenyewe na kuhifadhi video kwenye kadi ya memori katika vipande vifupi vya dakika 1 hadi 5. Kadi ikijaa, vipande vya zamani vinafutwa ili vipya vipate nafasi. Ndani yake kuna pia kihisi cha mtikisiko. Ukigongwa au ukikanyaga breki kwa nguvu, kipande hicho kinafungiwa kisifutwe.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza ushahidi. Mgongano mdogo wa kwenye jam huenda usimtikise huyo kihisi. Ukiendelea kuendesha siku moja au mbili bila kuhifadhi video, inafutwa. Kwa hiyo jua kitufe cha kufungia video kiko wapi kabla hujakihitaji.

Kuchagua: angalia mambo haya

1. Ubora wa picha. Anza na 1080p, usishuke hapo. Kazi kubwa ya dashcam ni kusoma nambari za gari, na kamera ya bei ya chini sana itakuonyesha gari jeupe lenye nambari zilizofifia. Ya 1440p au 4K inasoma mbali zaidi, ila inakula nafasi zaidi kwenye kadi. Omba kuonyeshwa video iliyorekodiwa usiku, kwa sababu mchana karibu kila kamera inapendeza.

2. Mbele peke yake au mbele na nyuma? Ukigongwa kutoka nyuma kwenye jam, kamera ya mbele haitaona aliyekugonga. Kama bajeti inaruhusu, chukua ya pande mbili.

3. Betri au capacitor. Gari lililoegeshwa juani Mombasa au Garissa huwa kama oveni. Betri ndogo ya lithiamu iliyo ndani ya kamera inaweza kuvimba kwa joto hilo. Kamera zinazotumia capacitor huvumilia zaidi. Muulize muuzaji swali hilo moja kwa moja.

4. Kadi ya memori. Hii watu huisahau. Kamera huandika na kufuta bila kupumzika, na kadi ya kawaida huchoka haraka. Tafuta iliyoandikwa "High Endurance". Kwa makadirio, kamera ya 1080p hutumia GB 6 hadi 8 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba kama saa 8 hadi 10 za safari. Ukiwa na kamera mbili, nunua kubwa zaidi.

Na kama gari lako lilitoka Japani, angalia kioo cha mbele kabla hujatumia pesa. Baadhi ya magari hayo hufika na kamera yake tayari. Inaweza kuwa inafanya kazi vizuri, ila menyu ni ya Kijapani na saa iko mbele ya yetu kwa saa 6. Rekebisha saa, badilisha kadi, kisha ijaribu.

Kununua bila kuibiwa

Kamera utazipata kwenye maduka ya elektroniki, kwa mfano Luthuli Avenue pale Nairobi, na kwa wauzaji wengi mitandaoni. Popote utakapolipia, fuata haya:

- Lipa kwa till au paybill ya duka. Muuzaji akikuambia till ina shida, utume kwa nambari ya "kijana wa duka", simama hapo kwanza.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Kama halifanani na duka, usiendelee.
- Muuzaji wa mtandaoni usiyemjua akidai malipo yote kabla ya kutuma mzigo, mwambie utalipa mzigo ukifika na ukishauona ukiwaka.
- Weka ile meseji ya malipo. Ndiyo risiti yako siku ya warranty.
- Kadi za memori bandia zipo nyingi: imeandikwa GB 128, ndani ni GB 16. Ipime kwa programu ya kupima kadi siku hiyo hiyo, ukiwa bado unaweza kuirudisha.

Kufunga

Mahali pazuri ni nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria. Hapo kamera inaona barabara, dereva hazuiwi, na mtu wa nje haioni kirahisi. Hakikisha iko ndani ya eneo linalofutwa na waipa, maana mvua ya Aprili haitakungoja. Safisha kioo kwanza, kikauke, ndipo ubandike.

Njia rahisi ya umeme ni kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Unapitisha waya juu ya kioo, unaushusha pembeni hadi chini, na hautaonekana. Kuwa makini na nguzo ya pembeni ya kioo: kama gari lina airbag hapo, waya upite nyuma ya airbag, usikatize mbele yake.

Ukitaka kamera irekodi hata gari likiwa limeegeshwa, itabidi iunganishwe kwenye fyuzi. Hiyo mpe fundi wa umeme wa gari, na umwambie aweke kifaa kinachokata umeme betri ikishuka hadi karibu volti 12. Bila hicho, asubuhi utakuta gari haliwaki. Mlipe fundi baada ya kuona kamera inawaka na kuzima na gari.

Siku ya kawaida

Weka tarehe na saa sahihi. Video yenye tarehe ya 2018 itakuletea maswali kuliko majibu. Mara moja kwa mwezi, hamisha video unazozihitaji kisha fomati kadi ukiwa kwenye menyu ya kamera. Kila wiki tazama ile taa ndogo: kamera iliyozima bila wewe kujua ni pambo tu.

Siku ya ajali

Kama kuna aliyeumia, msaidie kwanza na upige 999 au 112. Kisha:

- Fungia video kwa kile kitufe. Ukiweza, toa kadi uiweke mfukoni.
- Piga picha za magari, nambari na eneo.
- Usikubali kosa na usitume pesa hapo barabarani. Bima nyingi zinakataza mteja kuahidi malipo bila kampuni kujua, na pesa uliyotuma inaweza kusomwa kama kukiri.
- Ripoti kituo cha polisi, uchukue nambari ya OB na baadaye abstract. Bima wataitaka.
- Nakili video mahali pawili. Usiikate wala kuiongezea maandishi. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika, kwa hiyo tunza kadi yenyewe.

Kama mkikubaliana na bima kwamba kuna cha kulipa, andikeni makubaliano, tia sahihi, ndipo utume kwa nambari iliyoandikwa hapo.

Video ina watu ndani yake

Kamera haichagui. Inarekodi watoto wakivuka, jirani akitoka, na kama umewasha sauti, maongezi ya ndani ya gari. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukiwa dereva wa teksi na kamera inatazama abiria, waambie kwa kibandiko kinachosomeka, na uulize Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu usajili. Kwa gari la kibinafsi, busara inatosha: video ni ya polisi, bima na wakili, si ya grupu la WhatsApp.

Mwisho

Turudi pale Mombasa Road. Kelele ni zile zile, mashahidi ni wale wale. Safari hii unanyoosha mkono, unabonyeza kitufe, unasema kwa upole, "Twende kituoni, kamera imerekodi." Labda watakwenda, labda watatawanyika. Vyovyote vile, PIN yako bado iko kichwani mwako na pesa yako bado iko kwenye simu.

Mtumie makala haya mtu mmoja unayejua anaendesha kila siku. Na akikupigia mtu akijifanya ametoka kwetu, akitaka PIN ili "arudishe" pesa ya ajali, kata simu. Sisi hatuulizi PIN.