Yuniti za Jua: Gharama ya Kumpasha Kobe Joto

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu na ushei, linalounganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza. Abiria wa Sengerema na Geita, waliozoea kusubiri kivuko, sasa wanavuka kwa dakika chache. Wengi wao hawajui kwamba Busisi ina nafasi yake katika vitabu vya elimu ya wanyama. Mwaka 1903 Friedrich Siebenrock, mtaalamu wa makumbusho ya Vienna, alimweleza kwa mara ya kwanza kobe ambaye sayansi ilikuwa haijampa jina, na mahali alipoandika kuwa ndiko kobe huyo alikotoka ni Busisi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Alimpa jina la Gustav Tornier wa Berlin, aliyekuwa amechapisha kitabu kuhusu wanyama watambaao wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Leo anaitwa Malacochersus tornieri.

Kobe huyu ni bapa kama chapati. Gamba lake lina kimo cha sentimita tatu au nne tu, linabonyea kidogo ukiligusa, na mifupa iliyo chini yake ina matundu mapana. Akitishwa hajikunyati ndani ya gamba kama kobe wengine. Hukimbia, tena kwa kasi inayoshangaza, akaingia kwenye ufa wa jabali na kujikaza humo kwa miguu hadi inakuwa taabu kumtoa. Anapatikana Tanzania, Kenya na sehemu ndogo ya kaskazini mwa Zambia, na kwingine kote duniani anaishi kwa umeme.

Maneno hayo si ya kunogesha habari. Kwa miaka mingi kobe bapa walinaswa kwenye vilima vya mawe vya Tanzania na Kenya na kusafirishwa kwenda Ulaya, Marekani na Asia, wakafugwe kwenye masanduku ya vioo. Ndani ya sanduku kuna taa ya joto, taa ya miale ya urujuanimno na kifaa cha kupasha usiku. Anayemfuga anajua kwamba bei ya kumnunua hulipwa mara moja tu. Umeme hulipwa kila mwezi, na kobe anaweza kuishi miongo mingi.

Kwa nini kobe adai umeme ilhali paka hadai? Kobe ni mnyama wa damu baridi, maana yake mwili wake hauchomi chakula ili kujitengenezea joto. Mnyama anyonyeshaye mwenye uzito kama wake hula chakula kingi kwa sababu sehemu kubwa huishia kuwa joto la mwili. Kobe hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati hiyo, na joto analichukua nje. Ili ale, asage chakula tumboni na kupambana na maradhi, mwili wake unapaswa kufika kati ya nyuzi 30 na 35 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa kila siku. Akikosa joto hilo chakula hulala tumboni bila kusagwa, naye hudhoofika polepole bila kutoa sauti. Nadhani ndiyo sababu mateso ya kobe hayaonekani kwa wepesi: hakuna kilio cha kumshtua mwenye nyumba.

Tupige hesabu. Taa ya joto ya wati 100 ikiwaka saa 12 hula yuniti (kilowati-saa) 1.2. Taa ya urujuanimno ya wati 24 kwa saa hizo hizo hula karibu yuniti 0.3. Kifaa cha usiku cha wati 100 kinachojiwasha na kujizima, kikifanya kazi nusu ya usiku, hula yuniti 0.6. Jumla ni yuniti 2.1 kwa siku, takriban 63 kwa mwezi. Uingereza, ambako yuniti moja imekuwa ikiuzwa kwa kama peni 26, hiyo ni pauni 16 na zaidi, au shilingi zetu zisizopungua 50,000. Huyo ni kobe mmoja, mwenye uzito wa nusu kilo hivi.

Sasa chukua sanduku hilo ulilete Nyamagana au Ilemela, hapa Mwanza. Kwa viwango vya bei ya umeme vilivyoanza 2016, mteja wa kawaida wa daraja la T1 hutozwa shilingi 292 kwa yuniti. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine, inafika kama shilingi 356. Kobe wetu angemaliza zaidi ya shilingi 22,000 kwa mwezi. Mteja mdogo wa D1 ndiye angeumia zaidi. Huyu hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, mradi matumizi yake yasipite yuniti 75 kwa mwezi. Familia inayotumia yuniti 50 hununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 6,100 hivi, na yuniti 63 za kobe zingeivusha mpaka huo. Ikiendelea hivyo na kuhamishiwa T1, umeme wa nyumba nzima, taa za watoto zikiwemo, ungepita shilingi 40,000 kwa mwezi.

Bahati njema, kando ya Ziwa Viktoria gharama hiyo haina sababu ya kuwapo. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana wa wazi humwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Kwa siku nzima mita hiyo moja hupokea wastani wa yuniti tano hadi sita, zaidi ya maradufu ya zile ambazo sanduku la kioo hula. Tena jua hili halileti joto peke yake.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo wafugaji wengi wa ng'ambo wanapopotea. Kobe anahitaji vitamini D3 ili kalisi iingie kwenye mifupa na gamba. Ngozi yake huanza kuitengeneza inapopigwa na miale ya urujuanimno ya aina ya B, lakini kinachotengenezwa kwanza ni kitangulizi tu. Ni joto la mwili linalokigeuza kuwa vitamini kamili. Miale bila joto haitoshi, na joto bila miale halitoshi. Balbu ya kawaida ya waya hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto, kwa hiyo inapasha vizuri, lakini miale hiyo haitoi. Taa ya LED hutoa mwanga kwa umeme kidogo sana, lakini haimpashi kobe wala haimpi vitamini. Dirisha la kioo nalo huzuia karibu miale yote ya B, hivyo kobe aliyewekwa dirishani anaota mwangaza tu huku mifupa yake ikilainika. Taa maalumu ya urujuanimno yenyewe huchakaa: macho yanaiona inawaka kama kawaida, kumbe miale imepungua, na inabidi inunuliwe nyingine kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mwanza kipimo cha ukali wa miale ya urujuanimno (UV Index) hupita 11 saa sita mchana. London wakati wa baridi hubaki kwenye moja au chini yake.

Jua likishazama, kazi inapokewa na mawe. Kila anayeijua Mwanza anayajua majabali yake ya matale, yaliyobebana kuanzia Bismarck Rock pale majini hadi milima ya Bugando na Capri Point. Mita moja ya ujazo ya jiwe hilo ina uzito wa kilo 2,600 na kitu. Ili kila kilo ipande nyuzi moja inahitaji kama kilojuli 0.8. Chukua jabali lenye uso wa mita tano za mraba, hesabu tabaka la juu la sentimita 20 tu, ambalo ndilo hasa joto la mchana hulifikia. Tabaka hilo likipoa kwa nyuzi tano usiku, hurudisha karibu kilojuli 10,600, sawa na yuniti tatu za umeme. Kwenye LUKU ya T1 ni kama shilingi 1,050 kila usiku, kutoka kwenye jabali moja la kando ya njia.

Ufa wa jabali hufanya kazi ya pili pia. Mchana, wakati uso wa jiwe unachoma mguu, ndani kabisa kuna ubaridi wa kutosha. Alfajiri ya Julai, hewa ikishuka hadi nyuzi 16 au 17, humo kuna vuguvugu. Kobe bapa hutoka asubuhi kuota jua na kula, jua likikaza hurudi ndani. Akisogea hatua chache amebadilisha joto lake kwa usahihi ambao kifaa cha dukani hujaribu kuuiga kwa kujiwasha na kujizima usiku kucha.

Hata kizazi chake kinalelewa na joto la ardhi. Jike hutaga yai moja kwa wakati mmoja, nalo huchukua miezi minne, mitano, pengine zaidi, kabla ya kuanguliwa. Mashine ndogo ya kutotolesha ya wati 40, ikifanya kazi asilimia 40 ya muda kwa miezi mitano, hula karibu yuniti 58. Kwa bei ya T1 ni shilingi zaidi ya 20,000 kwa mtoto mmoja wa kobe, ikiwa yai halitaharibika na umeme hautakatika.

Mahali ambapo wati zinahitajika kweli Mwanza ni kwenye bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga vya kuku. Kifaranga ni wa damu moto, lakini wiki ya kwanza hajaweza kujipasha, anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha joto linapunguzwa kama nyuzi tatu kila wiki. Mfugaji wa Buhongwa anayewasha balbu au jiko la mkaa usiku ana hoja. Anachoweza kuokoa ni kwa kuziba mianya ya upepo, kuweka maranda ya kutosha sakafuni na kufunika bruda kwa juu, huku akiacha hewa ipite, kwani umeme unaotumika hulingana na kasi ya joto kutoroka. Kanuni hiyo inamhusu pia anayetunza kihalali kobe aliyeokolewa au mgonjwa: zizi la nje lenye jua, kivuli na mawe kwanza, taa ya wati 60 kwa saa chache siku za mawingu, ndani ya sanduku la mbao lililozibwa vizuri, baadaye.

Nasema kihalali kwa makusudi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kobe ni mnyamapori, hafugwi bila kibali. Mwaka 2019 kobe bapa alihamishiwa Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya walionaswa porini, na orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN inamweka miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Wawindaji wake walitumia mitaimbo kupanua nyufa ili wamtoe, na ufa ukishavunjwa hakuna kobe mwingine anayeweza kuishi humo. Kokoto nazo zinatoka kwenye majabali hayo hayo. Wanaozipasua wanatafuta riziki, siwalaumu. Lakini halmashauri zinazotoa vibali zina wajibu wa kuwapeleka wataalamu wakague vilima kwanza, na kutenga vile ambavyo bado vina wanyama.

Msomaji, ukimkuta kobe anavuka barabara Kisesa, Misungwi au Magu, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache aende. Ukijua anayefugwa uani bila kibali, mweleze ofisa wanyamapori wa wilaya yako. Na ukitaka kuwaonyesha watoto kobe wasiodai LUKU, vukeni kwa boti hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, umbali mfupi tu kutoka mjini.